Sauti ya mmoja, uso wa mwingine: waimbaji wa plebaki, kutoka India mpaka filme «Félicité» ya Kinshasa

Jioni, Kasomeno, kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kasenga, filme na nyimbo zinatembea mu simu. Mmoja anapakia kwenye kadi, mwingine anaomba naye atumiwe, na mbele ya watu kulala nyumba tatu zimekwisha kuona filme moja. Ikiwa ni filme ya Kihindi, ao klipu ya Kinshasa, swali linalotoka ni lilelile: «Ule mama, anaimba yeye mwenyewe, ao ni plebaki?»

Swali hilo linaonekana la mchezo, lakini nyuma yake kuko swali la kazi na la feza. Ikiwa mtu anapendwa juu ya sauti ambayo si yake, mwenye sauti anapata nini? Jina lake linaandikwa wapi? Na siku anapotaka kusimama yeye mwenyewe mbele ya watu, nani anamfungulia mlango?

Makala hii inafuata swali hilo kwa njia ya wanawake wachache: wawili wa India, ambako kazi ya plebaki ilikomaa, na wengine wa Kongo, akiwemo mtoto mmoja wa Lubumbashi.

Plebaki ni nini

Neno hili lina maana mbili, na kuzichanganya kunaleta mabishano mengi.

Hapa Kongo, watu wakisema plebaki wanafikiria mwanamuziki anayepanda jukwaani ao anayeonekana mu televisheni, diski inapiga, yeye anachezesha midomo tu. Sauti ni yake, lakini ilirekodiwa zamani. Wasikilizaji wengi wanaona hiyo ni kuwadanganya, zaidi ikiwa wamelipa tiketi.

India, plebaki ni kazi kamili yenye heshima yake. Mwimbaji anaingia studio na kuimba wimbo wa filme. Siku ya kupiga picha, wimbo ule unapigwa kwa spika, na mwigizaji anacheza huku akifuatisha midomo. Hakuna anayedanganywa, sababu watazamaji wanajua kwamba anayeonekana si yeye anayeimba, na wanawapenda wote wawili, kila mmoja kwa kazi yake.

Haikuwa hivyo toka mwanzo. Filme ya kwanza ya India yenye sauti, «Alam Ara», ilionyeshwa Bombay (leo Mumbai) tarehe 14 mwezi wa tatu 1931. Wakati ule mwigizaji alipaswa kuimba yeye mwenyewe, palepale mbele ya kamera, na wapiga muziki walifichwa mahali ambapo kamera haifiki. Mtu mwenye uso mzuri lakini asiyejua kuimba hakuwa na nafasi. Mwenye sauti nzuri lakini anayeogopa kamera, naye pia hakuwa na nafasi.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1935, Calcutta. Mwongozaji Nitin Bose na mtunzi wa muziki R.C. Boral walitengeneza filme «Dhoop Chhaon», na ndani yake nyimbo zilirekodiwa kwanza, kisha waigizaji wakafuatisha midomo. Kuanzia pale, kazi moja ikagawanyika mara mbili. Kwa miaka kadhaa waigizaji-waimbaji kama K.L. Saigal, Noor Jehan na Suraiya waliendelea kufanya yote mawili, lakini kidogo kidogo njia zikatengana.

Wimbo ulioandikwa jina la mtu asiyekuwako

Mwaka wa 1949 filme «Mahal» ilitoka. Mwigizaji wa kike alikuwa Madhubala. Wimbo mmoja wa filme hiyo, «Aayega Aanewala», uliingia mu moyo wa watu inchi nzima. Radio ya taifa ya India ilipokuwa ikiupiga, wasikilizaji walianza kuandika barua: nani anaimba?

Jibu halikuwa kwenye diski. Pale ambapo jina la mwimbaji lingepaswa kuwa, waliandika «Kamini», na Kamini ni jina la mwanamke wa ndani ya hadithi ya filme. Yaani diski ilitaja mtu asiyekuwako, na mwenye sauti akafutwa. Barua zilipozidi, radio iliuliza kampuni ya diski, na ndipo jina la kweli likatangazwa: Lata Mangeshkar, msichana wa miaka 20.

Hiyo ndiyo sababu hadithi hii inafaa kusimuliwa zaidi na watu wa radio. Waliorudisha jina la Lata ni wasikilizaji: walisikia sauti, wakataka kujua ni ya nani, na radio ikakubali kuuliza kwa niaba yao.

Lata, aliyezaliwa tarehe 28 mwezi wa tisa 1929, alikuwa ameingia mu sinema kwa mlango wa uigizaji. Baba yake alikufa mwaka wa 1942, na yeye, akiwa mkubwa kati ya watoto watano, alipewa sehemu ndogo mu filme ili nyumba ipate kula. Hakuipenda kazi ile hata kidogo. Plebaki ilimpa nafasi ya kufanya kazi bila kupakwa rangi usoni na bila kuangaliwa. Aliendelea mpaka uzee, akaaga dunia tarehe 6 mwezi wa pili 2022.

Lakini hakukubali kusahauliwa. Mwaka wa 1957 waandaaji wa zawadi za Filmfare, ambazo ni kubwa sana mu sinema ya India, walitaka aje kuimba kwenye sherehe wimbo ambao ulimshindisha mtunzi wa muziki. Lata alikataa. Alieleza kwamba kuna zawadi ya mtunzi, lakini hakuna ya mwimbaji wala ya mwandishi wa maneno. Mwaka wa 1959 zawadi ya waimbaji wa plebaki iliwekwa, na yeye akawa wa kwanza kuipata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alileta ombi lingine: mwimbaji apate sehemu ya feza kila wakati diski inapouzwa, kuliko kulipwa mara moja tu siku ya studio. Mwimbaji mwenzake mkubwa, Mohammed Rafi, hakuona vile. Kwake yeye, ukiisha kulipwa kwa kazi, neno limekwisha. Wawili hao walikaa miaka kadhaa bila kuimba pamoja juu ya jambo hilo.

Sulakshana Pandit: kutoka nyuma ya pazia mpaka mbele ya kamera

Lata alitoka mu uigizaji akaenda mu plebaki. Sulakshana Pandit alifuata njia ile kwa kinyume, na hao ni wachache.

Alizaliwa tarehe 12 mwezi wa saba 1954, Raigarh, katikati ya India. Jamaa yake ilikuwa ya muziki mtupu: baba yake mdogo, Pandit Jasraj, ni mmoja wa waimbaji wakubwa wa muziki wa asili wa kaskazini ya India, na ndugu zake wawili, Jatin na Lalit, walikuja kujulikana baadaye kama watunzi wa muziki wa filme. Alianza kuimba akingali mtoto. Mwaka wa 1967, mu filme «Taqdeer», sauti yake ya kitoto ilisikilika pamoja na sauti ya Lata mu wimbo mmoja.

Mwaka wa 1975 ulikuwa mwaka wake. Kama mwimbaji, aliimba mu filme «Sankalp» wimbo uliomletea zawadi ya Filmfare ya mwimbaji bora wa kike wa plebaki. Kama mwigizaji, alionekana kwa mara ya kwanza mbele ya kamera mu filme «Uljhan», pamoja na Sanjeev Kumar, ambaye wakati ule alikuwa kati ya waigizaji wenye kuheshimiwa zaidi.

Kuanzia pale alifanya kazi zote mbili. Alionekana mu «Hera Pheri» (1976), «Apnapan» (1977), «Waqt Ki Deewar» (1981) na zingine, akicheza na majina makubwa ya wakati wake. Mara nyingine aliimba yeye mwenyewe nyimbo za mtu aliyekuwa akimwigiza. Hata hivyo, nyimbo fulani za «Uljhan» ziliimbwa na Lata. Ndiyo kusema, hata mwimbaji mwenye zawadi, akisimama mbele ya kamera, angeweza kuambiwa afuatishe midomo juu ya sauti ya mwingine. Waliochagua walikuwa mtunzi wa muziki na mwenye feza ya filme.

Kwa nini wengi hawakufuata njia hiyo? Waongozaji walitafuta uso wenye kupendeza kamera, mwili unaojua kucheza ngoma, na ujana. Sauti haikuwa kati ya mambo yaliyotafutwa, sababu sauti inakodishwa. Na mwimbaji wa plebaki aliyefaulu anaweza kufanya kazi miaka 40, wakati mwigizaji wa kike huanza kupewa sehemu za mama na za shangazi mapema sana. Kutoka studio kwenda mbele ya kamera ni kuacha kazi ndefu kwa ajili ya kazi fupi.

Kwa Sulakshana ilikuwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1980 alianza kupotea mu sinema. Mara ya mwisho sauti yake kusikilika mu filme kubwa ilikuwa mwaka wa 1996, mu «Khamoshi: The Musical», ambayo muziki wake ulitungwa na ndugu zake. Aliaga dunia Mumbai tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2025, siku ileile ambayo Sanjeev Kumar alikufa miaka 40 mbele yake.

Muziki ulifika, majina yalibaki njiani

Filme za India zilienea Afrika Mashariki na ya Kati muda mrefu mbele ya simu. Kwenye pwani, Mombasa na Zanzibar, watu walizipenda mpaka nyimbo zake zikaingia mu taarab. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyekufa mwaka wa 2014, alijulikana sana kwa kuchukua muziki wa filme za Kihindi na kutia ndani mashairi ya Kiswahili.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mwimbaji wa plebaki wa Bombay. Uso ulikuwa wa mwigizaji. Kisha mwimbaji wa Mombasa akauimba muziki uleule kwa maneno mengine. Mtu wa mwisho mu mstari, yule anayesikiliza akiwa nyumbani, alijua jina la Juma Bhalo, na labda jina la mwigizaji. Mwimbaji wa kwanza hakutajwa.

M'Pongo Love na Tshala Muana: sauti na mwili

Hapa Kongo hakukuwa na kiwanda cha filme kama cha Bombay. Lakini swali la nani anaonekana na nani anasikilika lilikuwa palepale, mu orkestra.

M'Pongo Love, aliyezaliwa mwaka wa 1956, alipata ugonjwa wa kupooza akiwa mtoto, na ukamwachia ulemavu wa mguu. Alikuwa na sauti ambayo Kinshasa yote iliitambua mwisho wa miaka ya 1970, lakini kucheza sawa vile watazamaji walivyozoea haikuwezekana. Basi mu orkestra yake, Tsheke Tsheke Love, kulikuwa wachezaji waliojaza jukwaa yeye akiwa anaimba.

Mmoja wa wachezaji hao alikuwa Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Alizaliwa mwaka wa 1958, wazazi wake wakiwa Baluba wa Kasai. Mu orkestra ya M'Pongo Love, Tshala alikuwa mwili tu: watu walimwona, hawakumsikia.

Hakukubali kubaki pale. Alitoka Kinshasa, akapita Abidjan, kisha Paris, na mu miaka ya 1980 akawa mwimbaji kwa jina lake mwenyewe. Alichukua mutuashi, ngoma ya Kasai yenye kuzungusha kiuno, akaiingiza mu muziki wa kisasa mpaka dunia nzima ikamwita malkia wa mutuashi. Aliimba zaidi kwa Kiluba, na wimbo wake «Karibu Yangu» ulipendwa sana na watu wanaosema Kiswahili. Aliaga dunia Kinshasa tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2022. M'Pongo Love alikuwa amekufa zamani, mwaka wa 1990, akiwa na miaka 33.

Mtu akiweka maisha ya hawa wawili kandokando, anaona jambo ambalo plebaki ya India inaficha: watazamaji wanataka sauti na mwili pamoja, na mara nyingi hawajali ikiwa vinatoka kwa watu wawili. Wanaojali ni wale wawili wenyewe.

Papa Wemba: mwimbaji anapoingia mu filme

Mwaka wa 1987 filme «La Vie est belle» ilitoka, ikiongozwa na Mwezé Ngangura, Mkongomani mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Mtu mkubwa wa filme ni Kourou, kijana maskini anayetoka kijijini kwenda Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki. Aliyemwigiza ni Papa Wemba.

Hapa hakukuwa na shida ya sauti. Papa Wemba alikuwa tayari nyota, na watu walikwenda kuona filme juu yake. Uso, sauti na jina vilikuwa vya mtu mmoja. Ni njia rahisi kwa mwenye filme, lakini inafunguka tu kwa mwimbaji aliyekwisha kujulikana. Mwimbaji asiyejulikana, mwenye sauti kubwa na mwenye umri mkubwa, anabaki na swali lake. Filme nyingine, miaka 30 kisha, ilikutana na swali hilo.

«Félicité»: Kinshasa inafanya plebaki yake

Alain Gomis ni mwongozaji Mfaransa mwenye asili ya Senegal. Alivutwa na muziki wa Kasai Allstars, kundi la Kinshasa lililokusanya wapiga muziki karibu 25 kutoka orkestra tano, wote wenye asili ya Kasai: Baluba, Basonge, Batetela na wengine. Wanapiga likembe zilizotiwa umeme, ngoma na gitaa, kwa nguvu inayofanya watu wa Ulaya wafikiri ni muziki mpya, wakati mwingi wake ni wa mababu. Kati ya waimbaji wao kulikuwa mama mmoja, Muambuyi, mwenye sauti nzito yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyeishi.

Gomis alitengeneza filme juu ya mwanamke mwenye sauti ya namna ile. Félicité anaimba usiku mu bar ya Kinshasa. Siku moja simu inalia: mtoto wake, Samo, amepata aksida ya pikipiki. Hospitalini muganga anaomba feza mbele ya kupasua mguu wa mtoto. Félicité hana. Filme inamfuata akitembea mji mzima, akiomba wenye deni lake, jamaa, mpaka kwa tajiri asiyemjua. Anapopata sehemu ya feza, wakati umekwisha kupita na mguu umekatwa. Sehemu ya pili ya filme inaonyesha namna mama na mtoto wanavyorudia kuishi, pamoja na Tabu, mwanaume anayekunywa sana lakini mwenye moyo, ambaye kila siku anajaribu kutengeneza friji yao. Watu wa mashariki ya Kongo hawahitaji kuelezwa hadithi hii. Kulipa mbele ya kutibiwa ni jambo linalojulikana mu kila mji.

Aliyechaguliwa kuwa Félicité ni Véro Tshanda Beya. Ilikuwa filme yake ya kwanza. Alikuja kuomba sehemu ndogo, akiwa amejipamba sana, na mwongozaji akamwambia arudi bila kujipaka. Aliporudi, alipita jaribio moja kisha lingine, mpaka akapewa filme yote juu ya mabega yake.

Lakini Véro si mwimbaji wa kazi. Basi wakafanya sawa vile Calcutta ilivyofanya mwaka wa 1935: mu filme, Félicité akisimama mbele ya mikro, uso ni wa Véro, na sauti inayotoka ni ya Muambuyi. Kasai Allstars wenyewe wanaonekana mu bar wakipiga nyuma yake. Na kati ya matukio, filme inaonyesha orkestra nyingine ya Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ikipiga muziki wa Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mwezi wa pili 2017, Berlin, filme ilipata zawadi kuu ya baraza la waamuzi, ile inayoitwa Dubu ya Feza. Mwezi wa tatu mwaka uleule, Ouagadougou, ilipata Farasi wa Dhahabu wa Yennenga kwenye FESPACO. Véro Tshanda Beya alishinda zawadi ya mwigizaji bora wa kike kwenye zawadi za sinema za Afrika, AMAA. Kisha filme ikapelekwa Marekani kuomba Oscar na ikaingia kati ya tisa za mwisho za lugha za kigeni. Aliyeipeleka alikuwa Senegal, si Kongo. Feza za kuitengeneza zilikuwa zimetoka Ufaransa, Senegal, Ubelgiji, Ujerumani na Lebanon. Mji ulikuwa Kinshasa, lugha zilikuwa Lingala, Kiluba na Kifaransa, waigizaji na wapiga muziki walikuwa Wakongomani.

Na Muambuyi? Zawadi za waigizaji zina mlango kwa uso, lakini Berlin, Ouagadougou wala AMAA hawana zawadi ya mwimbaji ambaye haonekani. Jina la kundi lake lilitangazwa, na mwaka wa 2017 diski ya muziki wa filme ilitoka kwa jina la Kasai Allstars na la orkestra ya Kimbanguiste. Lakini mtazamaji wa Lubumbashi, wa Goma ao wa Paris anayetoka mu chumba cha sinema akisema «ule mama anajua kuimba!» anafikiria uso wa Véro. Jambo hilo haliondoi kitu kwa Véro. Kufuatisha sauti ya mwingine mpaka watazamaji wasahau ni ufundi mgumu, na machozi ya Félicité ni yake. Lakini wimbo ni wa mwingine, na mwenye wimbo anastahili kutajwa.

Sheria inasema nini

India ilichukua muda mrefu kujibu swali la Lata. Mwaka wa 2012 Bunge la inchi ile lilibadilisha sheria ya haki za watunzi. Tangu pale, mwimbaji naye ana haki ya kupata sehemu yake wakati kazi aliyoimba inatumiwa kwa biashara, hata kama alilipwa siku ya studio.

Kongo ina sheria yake tangu zamani: amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986. Inalinda mtunzi wa wimbo, ao wa maandishi, ao wa filme, na inalinda pia wale wanaoimba, wanaopiga vyombo na wanaoigiza kazi ya mwingine. Yaani mbele ya sheria ya Kongo, mwimbaji asiyeonekana si mfanyakazi wa siku moja tu. Kazi ya kukusanya feza za haki hizo ilikuwa mikononi mwa SONECA tangu 1969, na mwaka wa 2011 ilipewa SOCODA.

Kati ya sheria na mfuko wa msanii kuko njia ndefu. Mara nyingi mwimbaji anaitwa studio kwa simu, anaimba sehemu ya kuitikia, anapewa feza ya usafiri, na hakuna karatasi. Wimbo ukipendwa, hana namna ya kuonyesha kwamba sauti ni yake. Mambo matatu yanasaidia, na hayaombi feza nyingi. La kwanza ni karatasi, hata ukurasa mmoja, yenye tarehe, jina la wimbo, kazi iliyofanywa na bei, yenye sahihi za pande mbili, na kila mmoja abakie na nakala. La pili ni kuandika mu karatasi hiyo kwamba jina la mwimbaji litatajwa kwenye diski, kwenye klipu na mwishoni mwa filme. La tatu ni kujiandikisha kwenye shirika la haki za wasanii na kutangaza huko kila wimbo.

Kwa kijana wa kike anayeimba mu korali ya Kasomeno ao ya Kasenga, na ambaye studio ya Lubumbashi imemwita kesho, karatasi hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kuanza kazi na kutoa sauti bure.

Kutaja jina

Mwaka wa 1949 wasikilizaji wa radio walishika kalamu wakauliza: nani anaimba? Walikuwa mbali na studio, hawakuwa na cheo, na wengi hawakuwahi kufika Bombay. Swali lao ndilo lililofuta «Kamini» kwenye diski na kuandika Lata Mangeshkar.

Swali hilo halijazeeka. Mtu anayemtumia mwenzake wimbo mu simu anaweza kuandika chini yake jina la aliyeimba. Mtangazaji anaweza kusoma majina yote, ya mbele na ya nyuma, mbele ya kupiga wimbo. Na anayeonyesha filme «Félicité» jioni, mbele ya jirani, anaweza kusema maneno mawili tu: uso ni wa Véro Tshanda Beya, sauti ni ya Muambuyi.